Mwalimu Tusiyemwalika: Risala ya Wazazi wa Naviundu Kuhusu Wana Wao wa Kiume

Mgeni rasmi, Papa Anaclet Kalenga, mshauri wa vijana; viongozi wa mtaa; watumishi wa Mungu; walimu wa wana wetu; wazazi wenzetu; na ninyi wana mlioketi kwenye viti vya mbele, mahali ambapo kwa desturi huketi wakubwa:

MAKARIBISHO

Papa Anaclet, umefika Naviundu, umefika nyumbani. Tunakushukuru kwa kuacha kazi zako na kuja kukaa nasi katika ua huu wa parokia. Usidhani tumekukosea heshima tulipokupa kiti cha safu ya pili. Safu ya kwanza tumewapa wavulana kwa makusudi, kwa sababu maneno haya ni yao kabla hayajawa yako.

Tunajua risala nyingi ulizosikia zilihesabu mabati na mifuko ya simenti. Hii yetu ina jambo moja tu la kusimulia, lililompata mmoja wetu, Mama Benita Mbuyi, yule aliyeketi karibu na mlango na kitambaa cha kijani kichwani. Ameturuhusu kulisema hadharani. Mwanawe Chisanga ameisoma risala hii kabla yako, akatuomba tubadilishe mahali pamoja. Tumebadilisha. Rafiki yake, Doudou, naye ameisoma, akasema tuache kila kitu kama kilivyo.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wa kila namna. Kuna ambao babu zao walikuja kutoka Kasai na sanduku moja la nguo, na kuna ambao mababu zao walilima hapa kabla mgodi haujajua jina la mahali hapa. Tunauza sokoni, tunafundisha, tunaendesha malori, tunalima kando ya mto. Tulikuwa majirani wa kupeana chumvi na makala ya kupikia, lakini habari za kulea kila mtu aliziacha nyuma ya lango lake.

Na tuseme ukweli: mabinti tuliwalea, wavulana tuliwaacha wakue. Binti akichelewa kurudi tulimuuliza alikuwa wapi na nani. Mvulana tulimwona kama mche wa muhogo: unauchomeka ardhini, unageuka, unaenda zako, siku moja unakuta umeota. Hatukujua kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa akipita kila siku kuumwagilia.

YALIYOMPATA MAMA BENITA

Mama Benita anauza vitenge sokoni. Mume wake, Papa Donat, ni dereva wa lori kubwa. Anapakia shaba na kushuka nayo hadi Kasumbalesa, na pale mpakani hungoja katika foleni mpaka ndevu zimkue. Wana watoto wawili, Chisanga, ambaye sasa ni kijana wa sekondari, na Kiki, msichana mdogo anayemfuata kaka yake kama kivuli.

Ukuta kwa ukuta nao anaishi Mama Angélique, msusi, na mwanawe Doudou. Chisanga na Doudou walijifunza kutembea katika ua mmoja. Walipougua surua, waliugua pamoja na kulazwa kwenye mkeka mmoja. Doudou alikulia miguuni pa mama yake kati ya vitana na nyuzi, na vidole vyake vilijifunza kusuka bila mtu kumfundisha. Wanawake wa mtaa walimsifu. Yeye aliona ni jambo la kawaida, kama mwana wa fundi viatu anavyojua kushika sindano.

Mwanzo wa mabadiliko ya Chisanga ulimfurahisha mama yake. Kijana aliyekuwa mzito wa kuamka alianza kuamka na kukimbia hadi barabara kuu. Alijaza mchanga kwenye madumu akawa anayainua uani. Alikata nywele, akanyoosha mgongo. Mama Benita alimwambia mumewe kwa simu, "Mwana yako anakomaa." Papa Donat alicheka kwa furaha kule kwenye foleni.

Baadaye kijana akaacha kula pamoja nao. Alichukua sahani yake ya bukari, yaani ugali, na mboga ya sombe akaenda kula chumbani, na simu mbele yake. Akaacha kuteka maji, akasema ni kazi ya wanawake. Kiki alipomkimbilia kwenye lango kama alivyozoea, alimshika mabega akamsogeza pembeni, bila ukali, kama mtu anayeondoa kiti njiani. Siku moja mama yake alimtuma dukani.

"Mama," akasema, "mwanaume hapokeaka amri ku mwanamuke."

Mama Benita aliangua kicheko. Alidhani ni mchezo. Kisha akaona kwamba mwanawe hacheki.

"Nani alikufundisha ile?"

"Kocha," akajibu.

Kocha huyo, Mgeni rasmi, hana nyumba Naviundu. Anaishi ndani ya simu. Husimama mbele ya gari linalong'aa na kuwaambia wavulana kwamba mwanaume halii, haombi msamaha, hasaidii jikoni, na kwamba anayemhudumia mwanamke amekwisha. Wavulana wa shule walikuwa wameunda kikundi kwenye simu zao, wakijiita Madume ya Kweli. Kila juma walipeana mtihani: fulani asizungumze na dada zake, fulani achome mkono wake kwa kijiti cha moto bila kukunja uso. Mitihani yote hiyo Chisanga aliipita. Ukabaki mmoja: alete ushahidi wa mvulana asiye mwanaume.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kiki alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na Doudou alikuwa anamsuka katika ua wa Mama Angélique. Chisanga alisimama kwenye upenyo wa ukuta, akapiga video, akaituma na maneno ambayo hatutayasoma hapa.

Jumatatu darasa zima lilikuwa limeiona. Doudou alipoingia alikuta vitana juu ya dawati lake, na kila mwanafunzi akawa anakuja kuongeza chake. Alivipanga vizuri pembeni, akafungua daftari. Siku iliyofuata vitana vilikuwa vingi zaidi, na wasichana wengine nao wakacheka. Asubuhi ya Jumatano alivaa sare, akamuaga mama yake, na shuleni hakufika.

Papa Anaclet, wewe ni mzazi. Unajua moyo wa mzazi unakwenda wapi kwanza. Unakwenda mtoni.

Majirani waligawana njia. Mama Benita alifunga biashara yake akaja mbio, akamshika Mama Angélique mkono, wakashuka pamoja kando ya mto Naviundu, wakiita jina la mtoto na kutazama kila kitu kilichoelea. Mama Angélique alikuwa peku. Alisahau viatu nyumbani. Kijana mmoja aliyekuwa akiwasaidia kutafuta akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine ni sababu ya ile video. "Video gani?" akauliza Mama Benita. Kijana akaitoa simu, akawaonyesha wote wawili.

Walimwona Doudou ameinama juu ya kichwa cha Kiki, ulimi umetokeza kidogo kama afanyavyo anapokaza akili. Halafu Kiki akainua uso, akamtazama mwenye simu, akatabasamu kwa furaha yake yote. "Yaya!" akasema. "Angalia, Doudou ananitengeneza muzuri!"

Kiki ana Yaya, kaka mkubwa, mmoja tu duniani.

Mama Benita alitusimulia kwamba wakati ule alitamani Mama Angélique awe hajasikia. Walikuwa bado wameshikana mikono. Angeweza kunyamaza, watembee tu. Lakini miguu yake ilikataa.

"Mama Doudou, simama," akasema. "Ule mwenye kushika telefone ni Chisanga. Ni mwana wangu."

Mama Angélique alitoa mkono wake. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Maji yalikuwa yanapita. Kisha akaushika tena ule mkono, kwa nguvu hadi ukauma.

"Tutafute mutoto kwanza," akasema. "Ingine tutasema kiisha."

Wakaendelea kuita.

Alasiri simu ililia. Alikuwa nyanya yake Doudou, kutoka Lukafu. Mtoto amefika juu ya gari lililokwenda kuchukua mahindi, amechafuka kwa vumbi, amekula, amelala. Mama Angélique aliketi chini palepale njiani. Mama Benita naye akaketi. Walilia mpaka watu wakadhani habari ni mbaya.

Jioni ile Mama Benita hakumpigia kelele mwanawe. Alimwambia tu alichokiona, na kwamba amempigia simu baba yake. Chisanga akasimama wima. "Nilikuwa nacheza tu," akasema, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

Papa Donat alimwachia mwenzake lori katika foleni, akapanda basi. Alipoingia uani, Chisanga alikuwa anamngojea, kifua mbele, ngumi zimefungwa, tayari kwa fimbo. Tunadhani aliitaka ile fimbo. Fimbo angeivumilia bila kulia, na angekuwa ameshinda.

Papa Donat aliomba maji. Akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha mwanawe cha pili.

"Leta telefone. Onyesha mi ule mwalimu wako."

Wakatazama pamoja, baba na mwana, video baada ya video. Mama Benita alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Papa Donat alitazama kwa makini kama anavyosikiliza injini. Mwishowe akarudisha simu.

"Unamujua Mulenga, ule dereva mwenzangu? Alipata malaria pale ku foleni. Hakuweza hata kusimama. Mi njo nilimunawisha. Nilimulisha uji wa potopoto na kijiko, nilifua bilamba byake. Alilia kama mutoto, akaniita mama. Sasa huyu kocha wako angesema mi niko nini?"

Chisanga alitazama mikono ya baba yake. Halafu likatoka neno ambalo hata yeye hakujua analo.

"Papa, we hauko hapa. Ye eko hapa kila siku."

Mama Benita alidhani sasa fimbo itakuja. Badala yake aliona uso wa mumewe ukivunjika polepole, na machozi yakishuka kwenye ndevu za foleni, naye hakuyafuta wala hakugeuka upande.

"Ni kweli," akasema Papa Donat. "Ni kweli, mwana wangu."

Chisanga alikuwa hajawahi kuona jambo kama lile. Alishuka kwenye kigoda chake, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake. Kilio kilichomtoka kilikuwa cha miezi mingi. Kiki alikuja mbio kuuliza nani amekufa. Mama yake akambeba, akamwambia hakuna aliyekufa.

Jumamosi walikwenda Lukafu: Papa Donat, Mama Benita, Mama Angélique na Chisanga. Njia nzima Chisanga alikuwa akijifunza maneno ya kusema. Walimkuta Doudou kibarazani kwa nyanya yake, anabambua karanga. Alimkimbilia mama yake, akakaa kifuani pake. Kisha akamwona aliyekuja nyuma, akarudi kwenye karanga zake.

Maneno yote ya njiani yakamkimbia Chisanga. "Doudou," akasema, "mi nilifanya mubaya." Akakwama hapo.

Doudou hakuinua macho. "Bale bengine habanijue," akasema. "We njo ulikuwa unajua mi ni nani."

Mama Benita alisema neno lile lilimchoma kuliko yote aliyoyasikia juma lile, kwa sababu halikuwa na hasira. Akatamani kusogea, amsemee mwanawe, amwombee. Mumewe akamgusa mkono: mwache.

Chisanga alibaki amesimama juani, hajui aende wapi. Hatimaye nyanya akasema bila kugeuza kichwa, "Karanga hazitajibambua zenyewe. Ikala pale." Akakaa. Wakabambua. Mchana mzima hawakusema, ila ungo ulipojaa mmoja wao alisogeza ungo mwingine mtupu. Wakati wa kuondoka ulipofika, Chisanga aliuliza, "Utarudia ku nyumba?" Doudou akajibu, "Sijue." Ndivyo walivyoagana.

TULICHOFANIKIWA

Mgeni rasmi, Doudou alirudi muhula mpya ulipoanza. Alirudi kwa hiari yake. Hatutakudanganya kwamba yeye na Chisanga wamekuwa kama zamani. Wanakwenda shule kwa njia moja, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, na siku nyingine wa nyuma huongeza mwendo.

Kabla Doudou hajarudi, Chisanga aliandika katika kile kikundi kwamba video ile aliipiga yeye, kwamba alimsaliti rafiki, na kwamba anatoka. Kesho yake vitana vilikuwa juu ya dawati lake yeye. Hilo ndilo alilotuomba tusilieleze kwa urefu, nasi tunaishia hapo. Tunasema tu kwamba alikwenda shule siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata.

Mama Benita na Mama Angélique ndio waliotuita mara ya kwanza. Walipika chungu kimoja cha maharagi, wakagonga malango. Tangu hapo Jumamosi mchana wazazi na wavulana tunakutana hapa. Tunapika pamoja, na akina baba ndio wanaokoroga bukari. Mwanzoni ilikuwa na mabonge, sasa inalika. Wavulana wanatuonyesha wanachokitazama kwenye simu, nasi tumejifunza kutazama bila kuwanyang'anya. Wanatuuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuwauliza baba zetu: Papa, ulipokataliwa na msichana ulifanya nini? Papa, unaogopa nini? Kuna baba aliyekaa kimya kwa swali hilo hadi Jumamosi iliyofuata, akaja na jibu.

Papa Donat bado yuko barabarani. Lakini kila mchana, popote foleni ilipomshika, anampigia mwanawe. Mara nyingi hawana habari. Anamwambia wingu likoje Kasumbalesa, mwanawe anamwambia wingu likoje hapa.

YANAYOTUSHINDA

Yanayotushinda ni mengi. Kocha hajanyamaza. Tukimfungia mmoja kwenye simu, wanazaliwa wengine, nao wanajua kuzungumza na upweke wa mtoto kuliko sisi. Baadhi ya wana hawa hawana baba wa kumpigia simu. Wengine wana baba nyumbani, lakini hata hodi ya mtoto ni kosa. Mwalimu akimwambia mvulana anayelia kwamba analia kama msichana, anawaumiza watoto wawili kwa mdomo mmoja. Na sisi wenyewe maneno hayo tumeyasema, kwenye misiba hasa, tukidhani tunawapa nguvu. Kocha hakuleta mbegu mpya. Alikuta shamba limelimwa.

Tena tunaogopa. Tunaogopa kwamba tukiwafundisha wana wetu upole, mji huu utawatafuna. Mama Angélique ndiye aliyetujibu siku moja. Alisema: mwana wangu alikuwa mpole, na aliyemla ni mtoto aliyefundishwa kuogopa upole. Hatujapata jibu bora kuliko hilo.

MAOMBI YETU

Papa Anaclet, tunaomba chumba. Mvua zinakuja, na ua huu hauna paa. Chumba kimoja cha shule siku ya Jumamosi kinatosha. Kufagia tutafagia wenyewe, na wavulana watashika mifagio.

Tunaomba katika shule zetu awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza, ambaye mtoto anaweza kumwendea asubuhi ya vitana, kabla hajafikiria kupanda gari la mahindi, au kufikiria mto.

Tunaomba pia uongee na wenye makampuni ya malori na wakubwa wa mpakani. Tunajua shaba ni lazima ivuke. Lakini wanaposema foleni imechelewesha mzigo, wakumbuke inachelewesha na akina baba.

Na la mwisho halihitaji sahihi ya mtu yeyote. Tukimaliza hapa utapita kuwapa mkono wana hawa. Wakubwa wengi waliopita waliwagonga mabega, wakawaambia, "Kuwa mwanaume!" wakaenda zao. Wewe tunakuomba ushike mkono wa kila mmoja, umuulize, "Uko namna gani?" Kisha, Mheshimiwa, usiuachie. Ungoje jibu.

Mungu akulindie nyumba yako, akupe masikio marefu na maisha marefu, na wanao wakimbilie langoni wanaposikia unakuja. Awabariki akina baba walio barabarani na akina mama walio sokoni. Awabariki wana hawa, wanaosema na wasiosema.

Ni sisi,
Wazazi wa Jumamosi,
Naviundu, Lubumbashi.